Sifuri ya Gotu

Sisi tuliosimama pamoja chini ya migunga ya Gotu, juu kidogo ya pale ambapo Ewaso Ng'iro hujibana kati ya mawe meusi na kuanza kunguruma, hatuna haja ya kukumbushwa ni dakika gani ninayokusudia kuizungumza. Ni ile dakika ya baada ya adhuhuri, mitungi ilipokwisha kushushwa, kitambaa cha kupimia mgandamizo kingali chini ya horji la punda, na skrini ikionyesha kwamba mgongo usiobeba kitu ungali umebeba kitu. Ndipo kijana aliyekuwa akilisimamia jaribio, badala ya kuuliza kitu hicho ni nini, alipopeleka kidole kwenye kitufe cha sifuri akakibonyeza. Rangi zote zikafutika, mgongo mzima ukawa buluu, na watu wawili watatu wakapiga makofi. Mimi nasema kwamba kazi ya siku nzima iliharibiwa na kidole kile, na nimeiacha hasira yangu ipoe kwanza ili niweze kueleza sababu zake kwa utaratibu.

Insafu yanitaka nitangulize sifa. Kitambaa kilishonwa vizuri: vipande vyembamba vya nailoni iliyopakwa fedha vimelazwa juu, vingine vimekatiza chini, na katikati imewekwa ile karatasi nyeusi ya plastiki yenye kaboni ambayo mafundi huiita kwa jina la biashara Velostat, mishono ilikuwa sawa, nyaya zilifungwa zisivutike, na kabla ya kuanza walikikandamiza na kukiachia mara kadhaa kama inavyopasa. Hayo yatosha.

Jambo lenyewe si la mchezo. Punda wa Gotu, kama punda wa kila mahali palipo mbali na bomba, hubeba mitungi minne ya lita 20, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, mzigo wake ni kilo 80 kabla hujahesabu kamba, horji na plastiki ya mitungi. Uzito huo ni nyutoni 785 hivi. Tuseme horji limekaa vyema, likaugusa mgongo kwa pande mbili, kila upande sentimita za mraba 400. Basi wastani wa mgandamizo ni kilopaskali 9.8, ambazo kwa kipimo cha matabibu ni karibu milimita 74 za zebaki. Mwaka 1930 Eugene Landis alipima mgandamizo wa damu ndani ya mishipa midogo kabisa ya kidole cha binadamu, akapata wastani wa milimita 32 mahali damu inapoingilia, na tangu hapo namba hiyo imekuwa kama mpaka uliopigwa ardhini: ukiikandamiza nyama kupita hapo kwa muda mrefu, damu hukosa njia na ngozi huanza kufa. Punda si binadamu, wala mgongo si kidole, lakini aliyewahi kuona kidonda cha horji kilivyo, chenye kingo nyeupe na inzi wasioondoka, hatazichukulia namba hizo mbili kuwa ni maneno ya vitabuni tu. Na hapo tumezungumza wastani. Horji likijikunja na eneo lake likapungua kwa nusu, mgandamizo huwa maradufu. Kitambaa kiwezacho kusema mzigo umelalia wapi, na kwa muda gani, ni chombo cha kupewa heshima yake, na heshima ya kwanza ya chombo ni kukisikiliza kinaposema usilolitaraji.

Asubuhi walikilinganisha na uzani juu ya meza. Nimekwisha kuandika mara nyingi, hata nadhani baadhi yenu mmechoka kunisoma, kwamba meza haina mbavu. Kitambaa kilicholala juu ya ubao tambarare si kile kilichopindwa juu ya mgongo, kwa maana kule kupindwa peke yake huyabana matabaka yake matatu, na ukinzani hushuka kabla hata mzigo haujafungwa. Tena walichora ukinzani dhidi ya uzito, ule mchoro uangukao ghafula kisha ukatambaa chini, ambao jicho haliwezi kuuhukumu, ilhali wangalichora upitishaji wangalipata mstari ulio karibu kunyooka, kwa sababu katika vitambaa vya namna hii upitishaji hupanda takriban sambamba na nguvu. Na vile vipande vya fedha walivipima kwa nyaya mbili. William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alionyesha mwaka 1861 jinsi ya kupima ukinzani mdogo bila ya kuuchanganya na ule wa nyaya na viungio, na mpaka leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, ningali nikiona vibanio vya mita vikiuma fedha pande mbili, na mwenye kupima akiandika katika daftari lake ukinzani wa vibanio. Makosa hayo yote ningaliyasamehe, maana ni ya kurekebishwa. Ukiyajua, hesabu hurudiwa na namba hupona.

Lakini lile la mchana halirudiwi.

Mnakumbuka yalivyokuwa. Punda alikuwa amekwenda mtoni na kurudi, akapumzishwa, akapelekwa tena, jua likiwa utosini. Alipofika mara ya mwisho mitungi ikashushwa miwili miwili, na kila mtu akageuka kutazama skrini, akitaraji buluu. Upande wa kulia ukafifia vizuri. Upande wa kushoto, kuelekea mbele, nyuma kidogo ya shingo, likabaki doa la manjano lenye kitovu chekundu, na halikuondoka. Hapo ndipo palipokuwa na jaribio zima. Yote yaliyotangulia, tangu kukata kitambaa mpaka kukimbiza punda, yalikuwa ni maandalizi ya kulileta doa lile mbele ya macho yetu. Na likapewa, kwa kukadiria kwangu, sekunde tano za kuishi.

Nani kati yetu hakulelewa karibu na duka lenye mizani ya sahani mbili? Mwenye duka akiondoa sukari, na sahani isirudi juu, mnunuzi hamwambii ageuze parafujo mpaka mshale usimame katikati. Humwambia aifute sahani, kwa kuwa iko sukari iliyoganda. Akiigeuza parafujo bila ya kufuta, mizani itaonekana imesawazika, na kila atakayenunua baada ya hapo atapunjwa. Huyo mnunuzi hakusoma elimu ya vipimo, lakini anajua kwamba mshale usiorudi una habari.

Habari yenyewe ilikuwa ipi? Kwa wanaojua kitambaa hiki, washukiwa ni wanne. Wa kwanza ni mtambao: plastiki yenye kaboni ikikaa chini ya mzigo huendelea kulegea, ukinzani wake ukishuka kidogo kidogo kwa kadiri ya logarithimu ya muda, na mzigo ukiondolewa hurudi kwa njia nyingine, polepole, na ndugu yake histeresisi akiwa pembeni. Wa pili ni jasho, kwani jasho la mnyama ni maji yenye chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa njia yake yenyewe, sambamba na njia ya kaboni, wala hayajali kama kuna mzigo au hakuna. Wa tatu ni joto, kwa sababu kitambaa kililinganishwa asubuhi kivulini na kikaja kufanya kazi adhuhuri juu ya mwili wa punda aliyekwisha kutembea. Na wa nne, ambaye ndiye aliyenifanya nisimame kutoka kwenye jiwe nililokalia, ni kwamba huenda doa lilikuwa kweli tupu: mitungi ilishushwa, lakini horji lilikuwa bado limefungwa, mkanda wa tumbo umekazwa, na mkunjo uliojitengeneza chini ya mzigo ulikuwa bado ukimbana yule mnyama pale pale.

Kila mmoja wa hao wanne ana mwendo wake katika saa, na ndiyo sababu nimekuwa nikisisitiza katika safu hii, mwaka hata mwaka, kwamba usomaji usioandikiwa saa ni nusu ya usomaji. Mtambao ungalipungua haraka mwanzoni kisha ukawa mvivu. Jasho lingalibaki lilivyo mpaka kitambaa kipanguswe kikauke. Joto lingalififia kila mahali, kulia na kushoto, bila ya kuchagua. Na kama ni mkanda, doa lingalizimika papo hapo ulipofunguliwa. Robo saa ya kungoja, tambara kavu la kupangusia, na mkono wa kufungua mkanda: hiyo ndiyo gharama yote ya kujua, na punda mwenyewe hakuwa na haraka. Kitufe kiliwatia wote wanne katika gunia moja, kikalitupa gunia mtoni.

Wapo waliosema, nilipolalamika pale pale, kwamba kuweka sifuri ni desturi ya kila mizani, na kwamba hata jikoni hufuta uzito wa bakuli kabla ya kutia unga. Ni kweli, na hoja hiyo ndiyo inayowahukumu. Bakuli tunalijua, tumeliona tupu, tumeliweka kwa mikono yetu, na uzito wake haubadiliki unga ukiongezeka. Kinachofutwa kwa haki ni kile kinachojulikana. Doa lile hakuna aliyelijua, na zaidi ya hayo halikuwa la namna ya kutolewa kama bakuli, na hapa nawaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, maana ndipo lilipojificha dhara kubwa kuliko lile lililoonekana.

Kitambaa kiliunganishwa na kinzani kimoja thabiti, katika kile kigawanya volteji tunachokijua sote, na bodi ikawa inasoma kwa hesabu za kutoka 0 hadi 1023. Tuchukue mfano wa karatasini tu. Tuseme kinzani kimechaguliwa ili kilopaskali 5 zisomeke nusu ya kipimo. Basi kilopaskali 1 itasomeka karibu 170, na kilopaskali 20 zitasomeka karibu 818. Mnaona kwamba mchoro unapanda kwa kasi chini na kulala juu. Hesabu moja ya bodi iliyo juu imebeba mgandamizo mwingi zaidi kuliko hesabu moja iliyo chini. Sasa tuseme masalio yalikuwa kilopaskali 1, yaani 170, nawe ukabonyeza sifuri na programu ikaanza kutoa 170 katika kila usomaji. Mahali penye kilopaskali 2 pangalisomeka 292. Toa 170, zimebaki 122, ambazo ni kama kilopaskali 0.7 badala ya 1, kosa la kuvumilika. Lakini mahali penye kilopaskali 20, toa 170 katika 818, zimebaki 648, na 648 si kilopaskali 19 kama yule kijana alivyodhani anafanya. Ni kilopaskali 8.6. Zaidi ya nusu ya mgandamizo imetoweka. Na imetoweka wapi? Pale pale panapoumia, kwa kuwa masalio makubwa hukaa mahali palipobeba sana na kutoka jasho sana, na huko ndiko mchoro ulikolala. Kitufe hakikupunguza kila mahali kwa usawa. Kiliyapaka mafuta maeneo ya vidonda na kuyaonyesha kuwa ni mazima.

Wangalitoa baada ya kugeuza hesabu za bodi kuwa kilopaskali, wangalikosea kidogo. Wangaliacha usomaji ghafi katika faili, wakatoa katika nakala, wasingalikosea kabisa, maana mwenye shaka angaliweza kurudi. Programu yao, nilipoiomba, ilikuwa inahifadhi namba baada ya sifuri, si kabla.

Nami kila nikiliona jambo kama hili humkumbuka Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa skuli mjini Cologne, wala hakuwa na skrini ya rangi. Mwaka 1825 alitangaza kanuni ya mkondo wa umeme katika waya, na kanuni ile ilikuwa na makosa, ya kilogarithimu, kwa sababu betri za zama zake zilidhoofika kadiri alivyozitumia na sindano yake ikawa haikai. Alikuwa na kila kishawishi cha kuisogeza sindano irudi mwanzo kila mara na kuendelea. Badala yake aliuchukulia mtelezo ule kuwa ni jambo lenye sababu, akakubali shauri la Poggendorff la kuiacha betri na kutumia umeme wa joto, ule aliougundua Seebeck mwaka 1821. Akaunga bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakitia katika maji yachemkayo na cha pili katika barafu, na kwa chemchemi hiyo isiyoyumba akaipata mwaka 1826 ile kanuni tunayoifundisha watoto, akaitandaza katika kitabu chake cha mwaka 1827. Kama angalikuwa na kitufe cha sifuri, na tabia ya kukibonyeza, huenda tungalibaki na kanuni ya 1825.

Na kwa kuwa tunazungumza kaboni iliyokandamizwa, basi tumtaje na Edison, ambaye kidonge chake cha kaboni cha simu, cha mwaka 1877, ni babu wa karatasi yetu nyeusi. Tarehe 29 Julai 1878, siku ya kupatwa kwa jua, alikipeleka kipimo chake cha kaboni, tasimeta, mpaka Rawlins katika jimbo la Wyoming, akakisimamisha ndani ya banda la kuku kwa kuwa hakuwa na mahali pengine, na upepo ukamsumbua mpaka dakika za mwisho. Joto la taji la jua lilipoingia, sindano ilikimbia nje ya kipimo chote. Alipata dalili, hakupata namba. Na historia imemwandikia hivyo hivyo, dalili bila ya namba. Naiheshimu sindano ile iliyokimbia kuliko buluu yote ya Gotu.

Hao walikuwa watu wa kungoja. Charles Wheatstone, aliyelipa sifa lile daraja la kupimia ukinzani mwaka 1843, alisema wazi kwamba aliyelibuni ni Samuel Hunter Christie, miaka kumi kabla yake. Na mtu wa namna hiyo, asiyeweza kulificha deni la jina, nasadiki asingaliweza kulificha deni la namba.

Nirudi chini ya migunga. Makofi yalipokwisha, mwenye punda, mama wa makamo ambaye tangu asubuhi alikuwa ameketi pembeni na mtandio wake umefunika nusu ya uso, alisimama, akapita kati ya nyaya bila ya kugusa hata moja, akaingiza mkono wake kati ya horji na mgongo, upande wa kushoto, kuelekea mbele. Akautuliza humo kwa kitambo. Kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu ya mvi zangu, akasema, "Mzee, leta mkono hapa." Nikauingiza. Palikuwa na joto kupita kwingine, pamelowa, na kitambaa cha chini cha horji kilikuwa kimejiviringa kikafanya ukingo mnene kama kamba ya mashua. Manyoya yalikuwa yamelala na kushikamana. Punda akatikisa ngozi, kama anavyomtikisa inzi. "Hapa atatoka kidonda," akasema yule mama, wala hakulisema kwa kulaumu.

Nikamwita kijana, naye kwa adabu akaja, akaingiza mkono, akanyamaza. Namsifu kwa kuja. Nikamwonyesha kwa kidole mahali palepale kwenye skrini, na palikuwa buluu.

Mkono hauna namba, nami sitawaambia wasomaji wangu kwamba mkono ungetosha. Hauwezi kukaa chini ya mzigo njia nzima kutoka mtoni, wala hauwezi kuwaeleza mafundi wa horji ni kilopaskali ngapi wapunguze na wapi waongeze pamba. Kwa hiyo kitambaa kinahitajika, na ndiyo maana nimesikitika hivi. Kitambaa kilikuwa kimesema jambo lile lile ambalo mkono ulilisema, kabla yake, na kwa uhakika zaidi, maana kilionyesha na kitovu. Kilikuwa kimefaulu. Sijui mara ngapi katika maisha ya majaribio chombo hupata nafasi ya kutoa ushahidi unaoweza kuhakikishwa papo hapo na shahidi wa pili asiyehusiana nacho. Kwangu ni mara chache sana, na moja ilikuwa ile.

Namba za asubuhi zimesalimika, nami nimeombwa nizitazame, na nitazitazama. Za mchana, tangu kitufe kilipobonyezwa, zisitiwe katika mchoro wowote, hata kwa mstari wa nukta. Na katika ripoti yao iandikwe saa ya kubonyeza, na sababu, na kwamba doa lilikuwapo. Watakaporudi Gotu, kitufe kitolewe katika programu, na mahali pake pawekwe saa.

Jua lilipoanza kuinama vijana walikikunja kitambaa chao, wakakitia katika sanduku. Yule mama alilifungua horji, akalikung'uta, akaunyoosha ule mkunjo kwa kiganja, akapangusa mgongo wa punda kwa pindo la mtandio, akalirudisha horji nyuma kadiri ya vidole viwili, akatandika gunia chini yake, akafunga mkanda. Kisha akamfungia mitungi mitatu badala ya minne, ule wa nne akajitwika mwenyewe, wakashika njia ya nyumbani.